Kurasini Haina Kibao

Watu wakisikia umefika Ayalandi wanauliza mambo mawili: baridi na bia. Baridi ipo, tena ile ya manyunyu na upepo inayokupita kwenye koti kama vile umejifunga kanga. Bia nayo ipo, na ina jumba lake la ghorofa saba pale Dublin ambako watalii wanapanga foleni kuingia. Mimi sikuingia. Nilikuwa na siku tatu za ziada baada ya mafunzo mafupi ya waandishi wa habari, na pesa za kuhesabu, nikaamua nitazimalizia jela, makaburini na bandarini. Wenzangu wa mafunzo walikwenda magharibi kuona majabali ya Moher, yanayosimama mita 214 juu ya bahari. Picha zao ni nzuri sana.

Rafiki yangu wa Temeke alinicheka kwenye WhatsApp. "Yaani umepanda ndege mbili kwenda kuangalia jela? Si ungepanda bodaboda uende Keko?"

Jela yenyewe inaitwa Kilmainham. Ilifunguliwa mwaka 1796 ikafungwa 1924, na katikati hapo karibu kila aliyewasumbua Waingereza kwa ajili ya uhuru wa Ayalandi alilala mle ndani. Huruhusiwi kuzurura peke yako. Unapewa saa yako, unakabidhiwa kwa mwongoza watalii, mnakwenda kundi zima kama wanafunzi wa darasa la nne waliopelekwa Bagamoyo. Wa kwetu alikuwa dada wa makamo mwenye sauti ya chini, hadi ilibidi tusogee karibu ili tumsikie. Alitusimulia habari za Joseph Plunkett na Grace Gifford, waliofungishwa ndoa kwenye kanisa la jela usiku wa tarehe 3 Mei 1916, askari wamesimama pembeni. Alfajiri bwana harusi akatolewa nje akapigwa risasi. Dada alisema hivyo akanyamaza kidogo. Mzee mmoja wa Kimarekani mbele yangu akavua kofia.

Mwisho wa ziara mnatolewa kwenye uwanja ambako wafungwa walikuwa wakipasua mawe. Viongozi 14 wa maasi ya 1916 walipigwa risasi pale, kati ya tarehe 3 na 12 Mei. James Connolly alikuwa na jeraha, hawezi kusimama, wakamfunga kwenye kiti. Kuna misalaba miwili, mmoja upande huu kwa wale 13, mwingine upande wa pili kwa Connolly. Zaidi ya hapo kuna changarawe na kuta ndefu za kijivu. Ukiingia bila kuambiwa kitu utadhani ni ua wa nyuma wa shule ya msingi iliyosahauliwa na halmashauri. Lakini tulisimama pale watu thelathini hivi, hakuna aliyetoa simu kwa dakika nzima. Sisi tulikuwa tumekuja kuangalia, kumbe kazi yote ilikuwa inafanywa na masikio.

Kesho yake nikaenda makaburi ya Glasnevin, kumtafuta Roger Casement. Huyu bwana alikuwa Mwayalandi aliyewatumikia Waingereza kama konseli huko Kongo. Mwaka 1903 alipanda mto akawasikiliza wanakijiji wenyewe juu ya mpira, viboko na mikono iliyokatwa, akaandika ripoti iliyotoka mwaka 1904 na kumtia aibu Mfalme Leopold mbele ya dunia. Miaka 12 baadaye Waingereza haohao wakamnyonga London kwa uhaini, kwa sababu alichokiona kwa Wakongo alikuja kukiona kwa watu wake. Mifupa yake ilirudishwa Dublin mwaka 1965 ikazikwa kwa heshima zote za taifa. Nilisimama pale kaburini na, nisiwafiche, niliyafikiria malori. Ukikaa Kurasini, Kongo ni malori: yanashuka Barabara ya Mandela na shaba ya watu, yanapanda na makontena, madereva wanakula wali maharage kwa mama ntilie wakilalamikia foleni ya Tunduma.

Siku ya mwisho ilikuwa ya bandari, na hiyo ndiyo iliyonikosesha raha. Kwenye gati la zamani la forodha, kando ya mto Liffey, kuna sanamu za shaba zilizowekwa mwaka 1997: watu waliokonda, wamebeba vifurushi, wanatembea kuelekea melini. Ni wale wa njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani. Watu milioni moja hivi walikufa na wengine milioni na zaidi wakapanda meli wakaondoka. Hatua chache kutoka pale kuna ghala la bandari la karne ya 19. Tangu mwaka 2016 ndani yake kuna makumbusho ya Waayalandi waliohama. Mlangoni unapewa kijitabu kama pasipoti, unakigonga muhuri kila chumba unachopita. Mimi niliyeomba viza kwa wiki kadhaa, nimeambatanisha hadi taarifa za benki, niligonga mihuri yote kwa hasira.

Wao wamechukua ghala la mizigo wakalifanya nyumba ya kumbukumbu za watu. Kwetu Kurasini mambo yanakwenda kinyumenyume: nyumba za watu zinakuwa mahali pa mizigo.

Kwa msomaji asiyepajua, Kurasini iko wilaya ya Temeke, imekaa kati ya bandari, Barabara ya Kilwa na mkono wa bahari. Ukitajia watu Kurasini watakwambia bandari kavu, Uhasibu, Baraza la Maaskofu, na kila mwezi wa saba Sabasaba. Watu wakija kutalii huku ni kwa ajili ya daraja la Kigamboni, nalo lilifunguliwa 2016, mwaka uleule wa makumbusho ya Dublin. Magari yanalipa tozo, wa miguu tunapita bure, na jioni za Jumapili utakuta vijana wanapigana picha kwenye ukingo huku bahari inageuka rangi. Sina ugomvi na daraja. Nami ninazo picha zangu.

Ila kuna kitu kingine. Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO ilizaliwa hapa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Janet Mondlane, Mmarekani aliyeolewa na Eduardo Mondlane, akaanzisha Taasisi ya Msumbiji kwa ajili ya vijana waliovuka mpaka wakikimbia Wareno. Ilikuwa Kurasini. Josina Machel alianzia kazi zake pale, kabla hajaingia msituni na kabla hajaolewa na Samora. Alifia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, hajafikisha hata miaka 26, na Msumbiji nzima inapumzika siku hiyo kwa heshima ya wanawake. Sisi tarehe hiyohiyo tunapumzika kwa ajili ya Karume, kwa hiyo nchi mbili jirani zinalala pamoja asubuhi moja, kila moja na msiba wake. Mwaka 1978, uhuru umeshapatikana, Tanzania na Msumbiji wakaanzisha pamoja chuo cha diplomasia, hapahapa Kurasini. Samora tumempa barabara mjini, tunamtaja kila siku tukimwambia konda atushushe. Kurasini yenyewe, mahali ambapo watoto wa wakimbizi walikaa darasani wakijiandaa kuendesha nchi ambayo bado haikuwa yao, sijaona kibao barabarani cha kumwambia mpita njia.

Haya yote mimi sikuyapata shuleni. Niliyapata kwa mama mkubwa wangu, na aliyasimulia kama habari ya biashara.

Mama mkubwa alizaliwa 1949. Alipokuwa msichana alikuwa akiuza vitumbua na mama yake asubuhi, na wateja wao wakubwa walikuwa "wale Wamakonde wa Kireno", ingawa wengi hata Wamakonde hawakuwa. Vijana wembamba, anasema, mashati yaleyale Jumatatu mpaka Ijumaa, lakini yamepigwa pasi. Neno la kwanza la Kireno alilolijua maishani ni amanhã, yaani kesho, kwa sababu ndilo walilokuwa wakimwambia baada ya kula. "Amanhã, mama, amanhã." Kuna mmoja anamdai vitumbua vinne mpaka leo. "Labda alikuja kuwa waziri," anasema, na hatanii.

Halafu mwaka 1968 wateja wakapotea. "Tukasikia wamegombana wenyewe kwa wenyewe, shule imefungwa. Vitumbua vikatudodea wiki nzima." Vitabu vinalieleza jambo hilo kwa maneno mazito zaidi: Machi 1968 wanafunzi waliasi dhidi ya uongozi wa chama, padre mmoja aliyekuwa akifundisha pale, Mateus Gwenjere, akiwa upande wao. Kulikuwa na ugomvi juu ya nani aende vitani na nani aende kusoma ng'ambo, juu ya wazungu ndani ya chama, juu ya kabila. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Februari, Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu Oysterbay kikamlipukia.

Nadhani hii ni sehemu ya sababu ya ukimya wetu. Historia ya ukombozi tunaipenda ikiwa imepigwa pasi kama mashati yale. Tunakwenda Mazimbu kule Morogoro, tunaona shule ya ANC na makaburi yaliyotunzwa, tunarudi na vifua mbele, na ni haki yetu. Kurasini ni ngumu kuisimulia. Ni mahali pa ushujaa na pa ugomvi kwa wakati mmoja, na mwongoza watalii atalazimika kuvitaja vyote viwili.

Lakini hata Kilmainham haikuanza ikiwa imekamilika. Baada ya 1924 jela ile iliachwa ikaota miti ndani, hadi mwaka 1960 watu wa kawaida, mafundi na vibarua, walipojitolea kuisafisha jioni na mwisho wa wiki bila malipo. Walikubaliana jambo moja kwanza: vita vya wenyewe kwa wenyewe visiguswe. Maana palepale jela, Novemba 1922, vijana wanne walipigwa risasi na serikali ya Waayalandi wenzao, na miongoni mwa waliokuwa wakijitolea kulikuwa na watu wa pande zote mbili. Wakaguguna kazi wakiwa wamenyamaza. Mwaka 1966 Rais Éamon de Valera, aliyewahi kufungwa mle, akaja kuifungua. Leo dada yule wa sauti ya chini anawataja vijana wale wanne bila kupepesa macho. Kwa hiyo hoja ya kwamba tusubiri mpaka tukubaliane ndipo tuweke kibao, mimi siinunui. Na hoja ya pesa ndiyo siinunui kabisa. Wale walianza na majembe.

Mama mkubwa haishi tena Kurasini. Nyumba yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizopisha upanuzi wa shughuli za bandari. Fidia ilikuja, ikagawanywa kwa warithi saba, naye sasa yuko Chamazi, kwenye chumba kizuri cha tofali ambacho hajawahi kukiita kwake. Niliporudi kutoka Dublin nilimpelekea shali. Akaikunja akaiweka pembeni akauliza nimeona nini. Nikamsimulia jela, bwana harusi, kiti. Alisikiliza mpaka mwisho. "Na wewe ulilipa hela kusikia hayo?" Nililipa, mama mkubwa. "Basi nipeleke Kurasini, nikusimulie bure."

Tulikwenda Jumamosi kwa bajaji. Magoti yanamsumbua, na vumbi la malori lilimfanya ajifunike mtandio puani. Alisimamisha bajaji mara tatu kabla hajaridhika. Tuliposhuka tulikuwa mbele ya geti la yadi ya makontena, na mlinzi akatoka mbio kutuuliza tunamtafuta nani. Mama mkubwa akamwitikia shikamoo yake, akamwambia hamtafuti mtu, anatafuta mwembe. Mlinzi akasema hapa hakuna mwembe. "Sasa hivi hakuna," mama mkubwa akasema. "Mimi nilikuwa naweka sinia langu chini yake."

Akaanza. Njia ya kwenda shule ilipita hapa. Kule walikokuwa wanacheza mpira jioni, na kelele za Kireno zinasikika mpaka kwa jirani. Msichana mmoja alikuwa akija kununua akiwa na daftari, anaandika kila neno la Kiswahili analolisikia, hata matusi. Mlinzi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisema kwamba babu yake alitoka Mueda. Akaingia kwenye kibanda chake akatoka na kiti cha plastiki, akamkalisha kivulini. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri karatasi zake akasogea. Mwuza kahawa akatua birika. Nilihesabu watu saba. Hakuna aliyetoa simu, isipokuwa mimi, nilikuwa narekodi.

Kipande kimoja cha dakika nne nilikiweka kwenye status jioni ile. Mpaka Jumatatu watu kumi na mmoja walikuwa wameniuliza safari nyingine ni lini, wawili kati yao wanafunzi wa chuo cha diplomasia, waliopita njia hiyo kila siku. Nikampigia mama mkubwa kumpa habari. Alinyamaza kidogo akipiga hesabu zake.

"Waambie waje asubuhi, kabla malori hayajaanza. Na umwambie yule kijana wa Mueda asikigawe kile kiti."