GARI INAZIMA, REJESHO HALIZIMI: Kabla Hujamcheka Staa Aliyesukumiwa Gari, Soma Hii

Leo umbea naanza nao tu, halafu tunaongea mambo ya maana.

Ile klipu ya mwigizaji wetu mmoja kashika viatu virefu mkononi, vijana wanamsukumia gari pale Mwenge, mmeiona wote. Mimi nimeiona kwenye kila grupu nililomo. Na komenti mnazijua: "gari ya kuazima hiyo", "danga kagoma kulipa", "mjini shule". Jina simtaji, na atakayemtaja hapo chini namfuta, tusilaumiane. Ila nimeongea naye kwenye simu karibu saa nzima, na amenipa ruhusa nisimulie mradi nisiseme yeye ni nani wala gari ni ya aina gani.

Gari ni yake. Ni ya mkopo, lakini yake. Kianzio alitoa mwenyewe kwa hela ya tangazo, iliyobaki akakopeshwa na taasisi ya mikopo ambayo iliilipa yadi moja kwa moja na kubaki na kadi ya gari. Wiki ya tatu taa ya injini ikawaka. Akairudisha yadi, wakachomeka kompyuta, wakaifuta ile taa, wakamwambia dada imepona. Ikawaka tena. Ikaanza kuzima kwenye foleni. Mpaka siku ya klipu ilikuwa imeshaingia gereji mara tano ndani ya miezi 6, na marejesho yote sita kalipa bila kuruka hata moja.

Nikamuuliza, sasa mbona ulikaa kimya? Akanijibu, "Niseme nini wakati nilishaiposti gari na maua juu?" Anasema muuzaji naye alimwambia, dada wewe una jina, ukipiga kelele watu wote watajua gari ni ya mkopo.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, maana maneno kama hayo niliyasikia kwetu.

Kaka yangu mwaka juzi alichukua gari ndogo ya cc 1300 kwa ajili ya kubeba abiria wa mtandaoni. Yadi yenyewe ndiyo iliyomkopesha, hakukuwa na benki hapo. Bei milioni 14 na nusu, kianzio milioni 5, halafu rejesho 680,000 kila mwezi kwa miezi 18. Ukipiga hesabu inafika milioni 17 na zaidi, lakini alikubali kwa moyo mmoja, maana gari ingejilipa yenyewe. Mke na watoto wawili, wamepanga Tabata, matumaini yote yako kwenye hiyo gari.

Asubuhi ilikuwa inatembea vizuri sana. Tatizo lilianza ikishapata moto. Ukitembea nayo dakika arobaini kwenye foleni ya Ubungo, jua kali, gia inachelewa kuingia, injini inalia lakini gari haivuti. Abiria wanashuka wanaita gari nyingine, kaka anabaki na nyota moja kwenye simu. Aliipeleka kwa fundi wa yadi, wakamwaga hydrauliki wakaweka mpya. Siku nne, kimya. Siku ya tano ikarudia. Akaenda mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila ikilala gereji hakuna hela inayoingia, lakini tarehe 5 ikifika simu ya yadi inaita palepale: "Bosi, vipi rejesho letu?"

Na kaka akawa anaficha. Mtaani anasema gari ipo sevisi. Kwa mama anasema kazi imepungua. Aliyefunguka ni wifi yangu, siku alipokuja kukopa kwangu hela ya ada ya mtoto.

Wifi ana jirani ambaye ni msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tukaenda tukakaa naye barazani, akausoma mkataba mstari kwa mstari. Aliyotueleza siku ile ndiyo nataka myabebe leo.

Haki ipo, hata kama mkataba hauitaji

Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ni ya zamani lakini iko hai. Ukimwambia muuzaji unataka kitu kwa kazi fulani, ukamtegemea yeye kwa ujuzi wake kwa sababu ndiyo biashara yake, basi sheria inahesabu ameahidi kwamba kitu hicho kitaifaa kazi hiyo. Kaka alisema tangu siku ya kwanza kwamba ni gari ya kubebea abiria. Gari ya abiria isiyoweza kukaa foleni Dar es Salaam inamfaa nani?

Kuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, yaani FCC. Nayo ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabika yamo kwenye mkataba wa mlaji hata kama hayajaandikwa. Kwa hiyo FCC si ya kukamata simu feki peke yake. Mlaji mwenye malalamiko anaruhusiwa kuwafuata.

"Uliikagua mwenyewe ukaridhika"

Huu ndio wimbo wa kila yadi, na kwenye mkataba wa kaka ulikuwepo. Sheria inasema ukikagua bidhaa, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Haya, mlango uliobonyea uliuona, huo ni wako. Lakini gia inayogoma baada ya dakika arobaini za joto utaionaje kwa kuzunguka gari na kuiwasha pale yadi? Hiyo ni kasoro iliyojificha, na ina hoja yake.

Wengine wanasema gari imepita TBS. Ni kweli, mwaka 2021 TBS ilianza kukagua magari ya mtumba yakishafika hapa nchini badala ya kule yanakotoka. Ila ukaguzi ule unaangalia kama gari inafaa kuingia barabarani. Haumwondolei muuzaji wajibu wake kwako.

Mikataba miwili sio mmoja

Hapa watu wengi wanaumia. Kaka alikuwa na mtu mmoja tu, yadi ndiyo muuzaji na ndiyo mkopeshaji. Ugomvi wote unaishia meza moja. Yule dada wa klipu ana watu wawili. Taasisi ilimpa hela, yadi ilimpa gari. Yadi ikimpa gari bovu, taasisi inasema mimi hela yangu ilikuwa nzima. Akisema agome kulipa ili kuikomoa yadi, anayekuja kuchukua gari ni taasisi, na kianzio kinakwenda nayo, na jina lake linaingia kwenye taarifa za wakopaji wasiolipa. Yadi hapo haijaguswa hata kidogo.

Kwa hiyo ukiwa kwenye hali kama yake, yadi unaidai kwa maandishi, na mkopeshaji unamwandikia mapema kumweleza tatizo na kuomba apange upya marejesho. Kama ni benki ikakuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja. Anza na benki yako kwanza, ukishindwa ndipo upande juu.

Ukimya una bei

Hili ndilo lililonifanya niandike. Ile sheria ya mauzo inakupa nafasi ya kukataa bidhaa mbovu, lakini ukikaa nayo kupita muda unaostahili bila kumwambia muuzaji kwamba umeikataa, unahesabika umeipokea. Bado unaweza kudai fidia, ila ile ya "chukua gari yako nirudishie hela yangu" inakuponyoka. Sheria yetu haijataja siku. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2015, mteja ana siku 30 za kurudisha gari yenye kasoro adai hela yake, na zikipita, ukarabati wa kwanza ukishindwa anaweza kuikataa. Mnaziona hizo video za Wamarekani wanarudishiwa gari mpya, zile ni sheria za majimbo yao. Huku kwetu usihesabu siku, sema mapema.

Sasa niambie, mtu atasemaje mapema wakati anajua akisema tu tunamcheka? Dada wa watu kakaa miezi 6 analinda picha moja ya Instagram. Kaka yangu kakaa miezi mitatu analinda heshima ya mtaani. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana anakwambia "utajiharibia jina". Vicheko vyetu vinamsaidia yeye.

Tulichofanya

Wifi alinunua daftari. Tarehe gari ilipoingia gereji, tarehe ilipotoka, fundi alisema nini, kilomita ngapi. Meseji zote za WhatsApp na yadi tukazihifadhi, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi. Tukaipeleka gari kwa fundi mwingine asiye na undugu na yadi, akaandika kwenye karatasi yenye muhuri kwamba gia boksi imekwisha kwa ndani na kubadilisha hydrauliki ni kupoteza muda. Halafu kaka akaandika barua ya ukurasa mmoja: historia, anachotaka, siku 14 za kujibu, asipojibiwa anakwenda FCC na mahakamani. Nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Na rejesho la mwezi ule akalipa, tukachanga wote, ili wasipate sababu ya kugeuza mazungumzo.

Siku ya tisa wakapiga simu, na safari hii hakuitwa bosi, aliitwa kwa jina lake kamili. Hela hawakurudisha. Waliweka gia boksi nyingine ya mtumba kwa gharama yao na kusogeza marejesho mawili mwisho wa mkataba. Siku alizokaa bila kazi hazikulipwa na hakuna aliyeomba msamaha. Msaidizi wa kisheria alisema tungeweza kudai zaidi, ila kesi ingechukua muda na kaka alitaka kurudi barabarani. Alichagua hivyo, na mimi simlaumu. Gari inatembea mpaka leo na mkopo amemaliza.

Yule mwigizaji nimempa namba ya jirani wa wifi. Ameshaanza kukusanya risiti zake.

Haya wadau, uwanja wenu. Una gari, bajaji au pikipiki ya mkopo inakusumbua? Tuambie imerudi gereji mara ngapi na muuzaji alikujibu nini. Majina ya watu na ya yadi acheni, simulieni tu. Na kama leo tarehe ya gereji hujaiandika popote, kaiandike kwanza ndiyo urudi kukomenti.