Karatasi Isiyokuwa Ankara



Ijumaa moja ya mwaka 2025 tulipigiwa simu yenye neno ambalo hatukulitarajia. Ami yetu, wa pekee aliyebaki katika ndugu za marehemu baba, alitutaka tumtafutie mnunuzi wa fungu lake katika nyumba ya Kibokoni.

Nyumba hiyo ndimo alimozaliwa. Aliiacha akiwa kijana, alipoondoka Kilindini na meli, akazunguka bahari hata akashukia New Jersey, Marekani. Huko alifanya kazi ghalani miaka 23, akaoa, akazika mke, akastaafu. Katika miaka yote hiyo hakutaja kuuza hata ubao wa mlango. Tukamwuliza, "Kulikoni, Ami?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, nina deni la hospitali. Nimelihesabu mwenyewe, limepita dola 21,000. Sitaki kufa nalo."

Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili na laki saba. Sisi dada watatu tulitazamana, hakuna aliyepata la kusema. Tulijua kwamba moyo ulimsumbua akalazwa siku tatu, na tulimshukuru Mwenyezi Mungu alipotoka salama. La deni hatukulijua. Hatukujua pia, mpaka tulipomdadisi, kwamba tangu hapo ameacha kwenda kwa daktari wa moyo. Alisema, "Kila nikienda, karatasi zinaongezeka."

Aliyelelewa katika nyumba za Kiislamu haoni ajabu kwa mzee kuogopa hivyo. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipoletewa jeneza huuliza kwanza iwapo maiti ameacha deni. Tumefundishwa pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imeshuka kwa ajili ya deni: liandikwe, lishuhudiwe, wala lisidharauliwe dogo wala kubwa. Ami alishika la kwanza kwa nguvu zote. La pili, la kuandikwa na kusomwa sawasawa, ndilo lililompita.

Tulimwomba apige picha kila ukurasa autume kwa simu. Karatasi zote alikuwa amezitia katika mkebe wa halua, zimekunjwa kama hirizi. Zilitufikia picha 34. Tulikaa nazo baada ya Isha siku tatu mfululizo, na mtoto wa Ami, ambaye ni dereva wa lori na hulala njiani wiki nzima, akawa anatujibu maswali kila anapoegesha.

Ilitubidi kwanza tujue bima yenyewe ni nini. Inaitwa Medicare, na ni bima ya serikali kwa waliofikia miaka 65, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965, na kadi ya kwanza akakabidhiwa Harry Truman, rais aliyemtangulia kwa miaka mingi. Wafanyakazi huichangia maisha yao yote ya kazi: asilimia 1.45 ya mshahara hukatwa kwa mfanyakazi, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Aliyechangia miaka kumi hulipiwa sehemu ya hospitali, yaani Sehemu A, bila ada ya kila mwezi. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, ina ada yake, na kwa mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa walio wengi. Ami alikuwa akikatwa ada hiyo katika malipo yake ya uzeeni bila kujua inamnunulia nini.

Kisha tukafungua picha ya kwanza. Juu ya ukurasa, kwa herufi zinazoonekana na kila mtu, yalikuwapo maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni: hii si ankara.

Tulirudi kuyasoma mara ya pili, tukahofia tumekosea. Hatukukosea. Karatasi nyingi zilizokuwa zikimkosesha mzee usingizi zilikuwa taarifa tu. Serikali humtumia kila mwenye bima aliyetibiwa taarifa ya aina hiyo kila baada ya miezi kadhaa, ili ajue ni nani aliyedai malipo kwa jina lake, kwa huduma gani, na bima ilitoa kiasi gani. Ankara yenyewe hutoka hospitalini au kwa daktari, wala haitoki kwa bima.

Ami hakuwa mzembe wa hesabu. Alipokuwa baharini alitunza stoo ya meli. Kosa lake ni kwamba alijumlisha kila tarakimu aliyoiona. Katika taarifa ya madaktari safu za fedha ni nne: kiasi alichodai daktari, kiasi kilichokubaliwa na bima, kiasi kilicholipwa na bima, na kiasi cha juu kabisa ambacho mgonjwa anaweza kudaiwa. Safu ya kwanza kwake ilisema dola 4,860. Lakini daktari aliyekubali masharti ya bima hana ruhusa ya kudai zaidi ya kile kilichokubaliwa, na hapo kilichokubaliwa kilikuwa dola 1,757 tu. Zilizobaki zimefutika, hazidaiwi na yeyote. Ami alikuwa amezihesabu zote mbili, akaongeza zile ambazo bima imeshalipa, akaongeza na za hospitali, dola 11,420, ambazo nazo zilikuwa zimeshalipwa. Mzee alikuwa akijidai fedha zilizolipwa kwa ajili yake.

Safu ya kumhusu ni moja tu, ile ya kiasi cha juu kabisa anachoweza kudaiwa. Tulimwambia achukue kalamu, aizungushie duara katika kila ukurasa, aache nyingine zote.

Hatukumwambia kwamba hana deni, kwani huo ungekuwa uongo wa kumfurahisha. Bima hiyo haibebi mzigo wote. Anayelazwa hujilipia kiasi cha kuanzia, na mwaka 2025 kilikuwa dola 1,676, kisha bima hubeba gharama za siku 60 za mwanzo. Kwa madaktari, mgonjwa hutoa dola 257 za kwanza katika mwaka, na baada ya hapo hutoa asilimia 20 ya kiasi kilichokubaliwa. Tulipiga hesabu pamoja naye, yeye kwa kalamu na sisi kwa kalamu: 257, na asilimia 20 ya 1,500 zilizobaki, yaani 300, jumla 557. Ongeza 1,676 za hospitali. Deni la kweli la Ami lilikuwa dola 2,233.

Upande wa pili wa simu tulisikia kiti kikivutwa. Aliketi. Akasema, "Hizi nazijua. Hizi nitazilipa."

Lakini kazi ilikuwa bado. Chini ya mkebe zilikuwapo ankara za kweli, na tuliziweka ubavuni mwa taarifa, mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe. Ankara ya hospitali iliafikiana nayo. Ya ofisi ya madaktari haikuafikiana, kwani ilidai dola 900 mahali ambapo taarifa ilisema 557. Mtoto wa Ami alipiga simu, akasoma tarehe na kiasi kama kilivyoandikwa. Waliangalia, wakakiri kwamba ankara yao ilitolewa kabla ya malipo ya bima kuingia yote, wakaleta nyingine sahihi. Laiti Ami angelipa ya kwanza kwa hofu ya deni, angelipa kisichokuwa haki juu yake.

Katika taarifa ya kabla ya hapo tulikuta jambo la kutisha zaidi. Bima ilikuwa imelipia kifaa cha kufungia goti. Ami hana maradhi ya goti, anasujudu bila kiti, na kifaa hicho hakukiona kwa macho yake. Alikumbuka tu kwamba mtu asiyemjua alimpigia simu, akamwuliza nambari ya kadi yake kwa upole mwingi. Mtoto wake alipiga simu ya bima akaripoti. Hapo tukafahamu kwa nini taarifa hizo hutumwa: mwenye jina ndiye shahidi wa kwanza wa yanayodaiwa kwa jina lake, na shahidi asiyesoma ni kama asiyekuwapo.

Kwa jamaa wenye wazee huko, tunaongeza machache tuliyojifunza. Ukurasa wa mwisho wa taarifa huonyesha namna ya kukata rufaa ikiwa huduma imekataliwa, na tarehe ya mwisho huandikwa hapo hapo. Mtu hupewa siku 120 tangu kuipokea. Simu ya Medicare hutoa mkalimani bila malipo kwa asiyejua Kiingereza. Kila jimbo lina washauri wa bima hiyo wasiotoza chochote. Taarifa ya dawa huja peke yake kutoka kampuni ya mpango wa dawa, na aliyejiunga na mpango wa kampuni binafsi mahali pa ule wa serikali hupata karatasi ya sura nyingine, lakini nayo husomwa kwa jicho lile lile.

Hospitali zisizo za kibiashara huko hulazimika kisheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasiojiweza, nasi tulimwomba Ami ajaze fomu. Tulimkumbusha kwamba wenye madeni ni miongoni mwa aina nane za wanaostahiki zaka. Alikataa. Alisema yupo asiyekuwa na malipo ya uzeeni, na fomu ile ni yake. Tulishindana naye wiki mbili, akatushinda. Alipatana na hospitali awalipe dola 100 kila mwezi. Ameliandika deni hilo katika daftari, na mwanawe ametia saini kuwa shahidi.

Hapa kwetu mambo hayako mbali na hayo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi wetu tunapowatoa wazazi hospitalini hutiwa karatasi mkononi, tukaangalia jumla ya chini tu kisha tukaanza kuchangisha jamaa. Tuwe na subira ya dakika kumi. Tuulize kipi kimelipwa na bima, kipi kimebaki, na kila kilichoandikwa kilifanyika lini. Kuuliza si utovu wa adabu, wala si kukimbia haki ya mtu. Deni lisilojulikana kiasi chake haliwezi kulipwa kwa uadilifu.

Ami amerudi kwa daktari wake wa moyo. Mkebe wa halua sasa una bahasha mbili, moja ya taarifa na moja ya ankara. Nyumba ya Kibokoni haikuuzwa. Ijumaa iliyopita alituuliza kama ule ubao wa mlango wa mbele umeshatengenezwa, nasi tukaona haya kumwambia kwamba bado.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, walio karibu na walio ng'ambo, na awaondolee madeni wenye madeni. Amin.