Nani Alipie Kufuli la Msikiti?

Ndege ilitua Heathrow alfajiri ya Ijumaa. Neno la kwanza nililomwambia binamu yangu aliyekuja kunipokea ni kwamba nataka kuswali Ijumaa siku hiyo hiyo. Kwetu Mombasa mgeni haulizi mara mbili: husikia adhana, huvua viatu, akaingia. Binamu akacheka kidogo, kisha akasema, "Basi tutoke mapema. Huku kuingia msikitini kuna taratibu zake."

Msikiti wenyewe, kaskazini mwa jiji la London, haukuwa na mnara wala kuba. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu katikati ya nyumba za watu, na nisingeujua lau si uzio wa chuma ulionizidi kimo na kamera zilizotazama kila pembe. Langoni walisimama walinzi wawili waliovaa vizibao vya rangi inayong'aa. Mmoja alinitolea salamu vizuri sana, halafu akaniomba nifungue mkoba. Nilihisi uso wangu unapata moto. Mkoba wangu hukaguliwa benki, hukaguliwa madukani Nyali na kivukoni Likoni, lakini nyumba ya Mungu niliyokulia, kule Kibokoni, wazee hulala humo baada ya adhuhuri na milango i wazi. Niliingia, nikaswali, na moyo ulichukua muda kutulia.

Baada ya swala, mjumbe mmoja wa kamati aliona jinsi nilivyokuwa nikishangaa, akanichukua kunitembeza. Aligonga kioo cha dirisha na kunionyesha kwamba kimepakwa utando mwembamba usioonekana, ili jiwe likitupwa kioo kipasuke lakini kisiwarukie watoto wa madrasa. Akanionyesha taa zinazowaka zenyewe mtu akipita usiku, na kengele inayolia katika ofisi ya kampuni ya ulinzi. Kilichonikaa moyoni zaidi ni kitu kidogo kilichofungwa nyuma ya mlango. Waingereza hawaendi posta kufungua sanduku la barua. Karibu kila mlango umetobolewa mwanya, na tarishi akipita husukuma barua ndani. Mwenye chuki naye ameuona mwanya huo, akautumia kumimina petroli na kutupa kiberiti. Kwa hiyo nyuma ya mwanya pamefungwa kisanduku cha chuma chenye kifuniko kizito: moto ukiingizwa hukosa hewa ukafia humo humo, kama makaa yanavyozimika ukiyafunikia chungu.

"Vitu hivi vyote mmechangishana?" nikamuuliza.

"Hapana, bwana. Hii ni serikali."

Hapo ndipo nilipokaa kitako kumsikiliza. Kwetu, kanisa likitaka kuajiri bawabu mwenye kifaa cha kupekua vyuma, kapu la sadaka huzungushwa mara ya pili. Msikiti ukitaka kujenga ukuta, tunaitana harambee. Kwamba Hazina ya nchi, tena nchi ambayo Waislamu ni wachache, inalipia komeo la msikiti, sikuwa nimewahi kulifikiria.

Alinieleza kwamba kamati hutuma maombi kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Wizara huleta mtaalamu, naye huzunguka jengo akitafuta penye udhaifu. Ombi likipita, kampuni iliyopewa kandarasi na serikali huja kufunga vifaa, kwa hiyo fedha hazipiti mikononi mwa kamati. Mpango huo ulianza mwaka 2016 ukiwa mdogo, wa nyumba za ibada za dini mbalimbali. Machi 2019, baada ya mtu mmoja kuwaua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, bajeti yake iliongezwa hadi pauni milioni 1.6. Miaka mitano baadaye, Machi 2024, serikali ilitangaza zaidi ya pauni milioni 117 kwa miaka minne, kwa ajili ya misikiti, shule za Kiislamu na vituo vya jamii. Niliziandika tarakimu hizo kwenye daftari, nikaziangalia tena. Chuki kiasi gani huzaa bajeti ya namna hii? Mjumbe hakunificha kwamba urasimu huchosha na kwamba kungoja kunaweza kuwa kurefu. Hata hivyo alisema usiku sasa analala.

Jumamosi tulipita Golders Green, mtaa wenye Wayahudi wengi. Ilikuwa Sabato, na familia zilikuwa zikienda sinagogi kwa miguu, wanaume na kofia zao, watoto wamevalishwa nguo nzuri. Hapo pia niliona walinzi, waume kwa wake, wengine wakiwa vijana wa hapo hapo waliojitolea, wenye redio mikononi na macho yasiyotulia. Ruzuku ya Wayahudi ilitangulia ya Waislamu: ilianza mwaka 2015, na hupitia shirika lao la Community Security Trust, ambalo huitumia kuweka walinzi kwenye shule na masinagogi. Makanisa, mahekalu ya Wahindu na magurudwara ya Masingasinga sasa yana mfuko mwingine. Binafsi ningependa mfuko uwe mmoja na kipimo kimoja, maana mifuko ikiwa mitatu watu hawaachi kulinganisha nani kapewa zaidi, na nimewasikia wakilinganisha.

Alasiri binamu alinipeleka kwa mzee mmoja wa Kibarawa. Watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ni ndugu zetu wa lugha: yeye akisema Chimini chake, mimi Kimvita changu, na mazungumzo yanakwenda. Wengi walikimbilia Uingereza vita vilipowafika miaka ya 1990. Mtaa wa Muswell Hill walikuwa na kituo chao, Al-Rahma, ambapo watoto walisoma baada ya shule. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 2013 kiliteketea, na ukutani zilikutwa herufi za kundi la wapinga Waislamu. Wiki mbili nyuma mwanajeshi mmoja alikuwa ameuawa barabarani Woolwich na watu waliodai kuwatetea Waislamu, na wenye hasira walitafuta wa kumlipizia.

"Na Ramadhani ilikuwa mlangoni, mwanangu," mzee aliniambia. "Hatuna pa kufuturu, hatuna pa kuswali tarawehe."

Waliowafungulia milango ni Wayahudi. Sinagogi la Finchley Reform liliwakaribisha Wabarawa wafuturu na waswali kwao Ramadhani ile. Nilimwomba mzee arudie, nikidhani nimemsikia vibaya. Akarudia, huku akinimiminia kahawa ya pili, na sauti yake ikabadilika kidogo alipofika kwenye habari ya watu waliowapokea mlangoni.

Jumapili tulipanda treni kwenda Manchester. Njia nzima ni kijani, kondoo na mvua nyembamba, na nilikodoa macho dirishani kama mtoto hadi shingo ikauma. Tulifika kaskazini mwa mji, kwenye sinagogi la Heaton Park, tukasimama upande wa pili wa barabara. Tarehe 2 Oktoba 2025, siku ya Yom Kippur, siku yao takatifu kuliko zote, mtu aliendesha gari kuwaelekea waumini kisha akashuka na kisu. Wawili walikufa. Lakini hakuingia ndani, kwa sababu walinzi na waumini waliufunga mlango wakaushikilia. Polisi walimpiga risasi dakika 7 baada ya simu ya kwanza. Kabla ya safari hii nilidhani kamera na makomeo ni mambo ya kuwapa watu faraja tu. Pale niliona wazi kinachonunuliwa: dakika. Mlango imara hauondoi chuki moyoni mwa mtu, ila unampa polisi muda wa kufika.

Southport, mji wa baharini, ulikuwa mwisho wa safari yetu. Bahari yake ilinishangaza kwa jinsi ilivyokuwa mbali, maji yamekupwa hadi yakawa mstari tu. Tarehe 29 Julai 2024, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu hapo wakiwa kwenye darasa la dansi. Ulivuma uongo kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kuomba hifadhi. Kesho yake umati uliushambulia msikiti wa mji, ukang'oa matofali ya ukuta kuwapiga nayo polisi, na zaidi ya askari 50 waliumia. Siku chache baadaye, ghasia zilipoenea miji mingine, serikali ilianzisha utaratibu wa dharura wa kupeleka walinzi haraka kwenye misikiti iliyo hatarini. Lakini asubuhi iliyofuata shambulio, kabla ya wizara kutangaza lolote, majirani walikuwa wameshafika na mifagio, na mafundi waashi wakaujenga upya ukuta bila malipo. Niliupapasa ukuta ule kwa kiganja. Umenyooka, na umejengwa na watu wanaojua kazi yao.

Sisi nasi, kwetu Kenya, tumeyajua haya. Mwaka 2012 makanisa mawili yalishambuliwa Garissa, na viongozi wa Kiislamu wakakubaliana vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Mwaka 2014 waumini waliuawa kanisani Likoni. Majirani wetu wengi hawakutuangusha. Kilichokosekana ni fungu la serikali linalojulikana, lenye fomu moja kwa msikiti, kanisa na hekalu, ili kanisa la mabati la mtaa maskini lipate taa na lango bila kungoja sadaka ya watu wasio nacho. Kila mwaka kabla ya bajeti wananchi huitwa kutoa maoni, na wengi wetu hatuendi. Mwaka huu tuende, imamu na mchungaji wakiwa meza moja, tuombe fungu hilo liandikwe.