Supu ya krevete hapa Likasi: safari moja, hasara moja na nyungu mbili

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari ya supu ile. Wengine wameambiwa kwamba fedha ya kikundi imeliwa, wengine kwamba imemwagwa. Tuliotumwa ni wawili, na tunaandika kwa ajili ya wote, ili kila mama ajue ilivyokuwa. Fedha ilikuwa yenu. Na mwishoni tunawapa namna ya kupika, kwa maana supu yenyewe ni nzuri.

Jambo lilianzia kwa mwenzetu mmoja ambaye binti yake anakaa Marekani, katika jimbo la Louisiana. Binti alimtumia mama yake picha ya sahani: supu nyekundu yenye pilipili, wali katikati, na krevete juu yake. Akamwambia, “Mama, watu wa huku wanakula bamia kama sisi, na tena wanaiita gombo.” Tukacheka. Sokoni kwetu, mama anayeuza bamia anakuambia “gombo” kama anavyosema Mfaransa. Hatukujua kwamba neno hilo limetoka kwetu.

Ndivyo lilivyo. Neno hilo ni la lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia iliitwa kingombo au jina la karibu na hilo. Watu waliokamatwa na kuuzwa utumwani walivuka nalo bahari. Mji wa New Orleans ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, na mwaka uliofuata meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika zikafika Louisiana. Mpaka leo mjini mle kuna uwanja unaoitwa Congo Square, mahali ambapo watumwa walikutana siku ya Mungu kupiga ngoma, kucheza na kuuziana vitu. Wale wanaoitwa Cajun ni watu wengine: wazazi wao wa zamani walikuwa Wafaransa wa Kanada, ambao Waingereza walianza kuwafukuza katika nchi yao mwaka 1755, na wengi wakaishia kwenye vinamasi vya Louisiana. Waliofukuzwa na waliouzwa wakakutana, kila mmoja na nyungu yake. Na pilipili nayo ilifanya safari ya kuja kwetu: asili yake ni Amerika, Wareno wakaileta Afrika. Sisi tuliwapa bamia, na kwao ikatoka pilipili.

Basi katika mkutano wetu tukapatana: tutapika supu hiyo sisi wenyewe, siku ya posho, na kila mama atakula pamoja na wenzake. Tulikuwa wamama 18. Kila mmoja akatoa falanka 10.000 kutoka fungu la likelemba. Hiyo ni falanka 180.000. Kwa wengine wetu ni mkate wa watoto wa siku nyingi, na tulijua hivyo tulipokuwa tunahesabu.

Shida ni krevete wenyewe. Kwanza jina. Vitabu vya Kiswahili cha pwani vinawaita kamba, lakini hapa Likasi ukimtuma mtoto kununua kamba atakuletea ya kufungia mbuzi. Pili, bahari. Mji wetu umekaa juu ya vilima, kati ya migodi, na kutoka hapa mpaka bahari, ukielekea Angola au ukielekea Msumbiji, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Samaki wa bahari tunaomzoea ni thomson, anayefika akiwa jiwe la barafu. Krevete hatukuwaona sokoni. Tukaambiwa tuwatafute Lubumbashi.

Tukaondoka siku ya posho asubuhi, kabla jua halijatoka. Ni kilomita kama 120, na ninyi mnaijua barabara ile: malori ya madini yanayokwenda Kasumbalesa, mifuko ya makala imepangwa pembeni, na ukifika upande wa Kapolowe, wauza samaki wanakimbilia gari wakiinua beseni zao juu. Miti ya msitu ilikuwa imetoa majani mapya, yale mekundu yanayotangulia mvua. Mmoja wetu alikuwa hajafika Lubumbashi tangu mazishi ya dada yake. Tulizungumza mambo mengi njiani, na safari ya kwenda ilikuwa tamu.

Lubumbashi tulipata krevete kwenye duka la vyakula vya barafu, kilo mbili, wamegandishwa vizuri. Tuliwatia ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, tukazungusha nguo. Hapo ndipo kosa letu lilipo, na tunalikiri: hatukuchukua barafu. Tulisema, saa tatu za njia tu, watafika wangali wagumu.

Gari letu liliharibika kabla ya nusu ya njia. Tulikaa pembeni ya barabara saa tano na nusu, jua likiwa kali. Dereva alitafuta kipuri, akatuma mtu, akangoja. Sisi tuliihamisha ndoo kila kivuli kilipohama. Tulipoingia Likasi kulikuwa kumeanza kuwa giza, na mtaani umeme haukuwako. Wamama walikuwa wametungoja tangu mchana. Mbabula tatu zilikuwa zimewaka, vitunguu vimekwisha kukatwa, watoto wameosha mikono.

Tukafungua ndoo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Krevete walikuwa wanateleza mkononi, na harufu iliyotoka ilichoma pua kama mkojo wa zamani.

Hapo kukawa kimya. Kisha mama mmoja akasema, “Tuwaoshe kwa ndimu.” Mwingine akasema, “Tutie pilipili nyingi, tuchemshe sana, moto unaua kila kitu.” Hatuwalaumu. Mmoja wao alikuwa ametoa ile falanka 10.000 akijua mwanawe amerudishwa shule kwa sababu ya malipo. Hata sisi wawili tuliotumwa tulitamani sana wenzetu wakubali kupika, ili aibu ituondoke.

Nkambo wetu, aliye mkubwa kuliko sisi sote, aliinama, akanusa, akafunika ndoo. Akasema, “Wanangu, tamaa mbele, mauti nyuma. Nani kati yenu atampa mtoto wake wa kwanza?” Hakuna aliyeinua mkono. Akaendelea, “Kama si kwa mtoto wako, basi si kwa mtoto wa mwenzako.”

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba, tukawazika, ili mbwa na watoto wasiwachimbue. Jioni ile tulikula bukari na lengalenga, na watu hawakuzungumza sana.

Kesho yake tulimuuliza muuguzi tunayesali naye. Alituambia mambo ambayo kila mama ayashike. Krevete, samaki na nyama vikiisha kuyeyuka barafu na kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, si vya kuliwa tena, hata kama harufu bado haijabadilika. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini kuna sumu ambazo vijidudu vimekwisha kuziacha ndani ya chakula, na hizo nyingine moto hauziondoi. Chakula kilichoyeyuka katika joto hakirudishwi katika barafu. Ndimu na pilipili vinafunika harufu tu, ugonjwa unabaki. Na mji wetu unajua maana ya kuharisha: tumeona kolera ikiingia nyumba kwa nyumba. Akaongeza kwamba kuna watu ambao mwili wao haupatani na krevete hata wakiwa wazima kabisa: midomo inavimba, mwili unawasha, pumzi inabana. Mtoto asiyewahi kula apewe kidogo kwanza, na akibanwa na pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Wengine walitaka sisi wawili tulipe. Tulisema tuko tayari. Baada ya mazungumzo marefu wamama walipatana hivi: fedha ya nauli na ya krevete itahesabiwa kuwa hasara ya wote, kwa kuwa wote tulituma, na sisi wawili tutanunua vitu vya nyungu ya pili kwa mfuko wetu. Tulikubali kwa moyo. Salio lililobaki limeandikwa katika daftari la mweka hazina, na kila mama anaweza kulisoma.

Nyungu ya pili tuliamua isitegemee bahari. Lakini swali likaja: samaki gani? Karibu yetu, mashariki ya mji, kuna ziwa Tshangalele, lililopatikana baada ya mto Lufira kuzibwa kule Mwadingusha kwa ajili ya umeme. Tumelelewa na samaki wake. Lakini maji yanayopita penye viwanda na migodi ya huku yanaishia upande ule, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika kuhusu metali waliyoikuta katika maji na katika samaki wa bonde la Lufira. Hatusemi kwamba wauzaji wa Kapolowe wafunge beseni zao. Wale nao ni wamama kama sisi. Tunasema tumuulize kila muuzaji, “Samaki huyu ametoka wapi?” na tusiwape watoto wadogo na wenye mimba samaki wa mahali pamoja kila siku. Sisi tulichagua samaki wa moshi wa Bukama, na kapenta wakavu kwa ajili ya mchuzi.

Tukapika siku ya posho iliyofuata. Binti wa Louisiana alikuwa kwenye simu, anatuelekeza. Alipoona kapenta alipiga kelele, “Mama, hiyo si ya Cajun!” Mama yake akamjibu, “Wewe uko kwao, sisi tuko kwetu. Endelea.” Basi akaendelea.

Hii ndiyo namna, kwa watu sita.

Chukua samaki wa moshi wawili wa kadiri, kapenta wakavu glasi moja, mafuta vijiko vinne, unga wa ngano vijiko vinne, vitunguu viwili, puavro mbichi moja, seleri mashina mawili, vitunguu saumu punje nne, nyanya tatu, bamia kumi, pilipili mbili kali, chumvi, na maji lita mbili. Wali pembeni.

Kwanza osha kapenta kwa maji ya moto, uwachemshe katika zile lita mbili muda wa dakika 20, kisha uchuje. Maji hayo ndiyo mchuzi wako. Mwenye krevete achemshe maganda na vichwa vyao hivyo hivyo. Asitupe, utamu uko huko.

Pili, tia mafuta ndani ya nyungu nzito, moto mdogo, mwaga unga, ukoroge bila kuacha. Hapa usiende kuzungumza na jirani. Unga utakuwa wa njano, kisha wa rangi ya karanga iliyokaangwa, na utanukia vizuri. Dakika 15 mpaka 20. Ukiona madoa meusi, umeungua: mwaga, uanze upya. Sisi tuliunguza mara moja.

Tatu, tia kitunguu, puavro na seleri, vyote vimekatwa vidogo. Watu wa Louisiana wanaviita vitu hivi vitatu utatu mtakatifu, na nkambo hakupenda jina hilo, lakini mboga alizikubali. Vikilainika, tia saumu, nyanya na pilipili.

Nne, mwaga mchuzi kidogo kidogo huku unakoroga, usipate mabonge. Acha ichemke polepole nusu saa. Tia bamia zilizokatwa, na baada ya dakika 10 tia samaki wa moshi aliyetolewa miiba. Onja chumvi mwisho, kwa sababu kapenta wana chumvi yao. Kama ni krevete, watiwe mwisho kabisa: dakika tatu au nne, wakigeuka rangi ya waridi na kujikunja, toa nyungu motoni. Wakizidi wanakuwa kama mpira.

Kwa wali ni tamu. Kwa bukari ni tamu zaidi, na hapo tulibishana na binti wa Louisiana mpaka umeme wa simu ukaisha. Watoto tuliwatolea supu yao kabla ya kutia pilipili. Wamama 17 walikuja. Mmoja alikuwa na mgonjwa, tukampelekea bakuli.

Na krevete? Tumepatana kwamba tutawanunua tena, nusu kilo tu, siku ambayo mmoja wetu atakuwa anakwenda Lubumbashi kwa shughuli yake mwenyewe. Atachukua chombo cha baridi chenye barafu, atawanunua mwisho kabisa kabla ya kupanda gari, na gari likiharibika njiani hakuna atakayemuuliza kwa nini amefika mikono mitupu. Hilo limeandikwa katika daftari pia, na wote tumetia sahihi.

Mwenye kutaka kujifunza kukaanga unga, aje mkutano ujao na sufuria yake nzito na kijiko cha mti. Makala tutachanga.