Pauni Zinazoandamana na Pointi

Nilipohamia Uingereza kutoka Mombasa, pointi za ndege zilikuwa kadi ya plastiki na barua ya posta iliyokuja kila baada ya miezi kadhaa kukueleza umefikisha maili ngapi. Ukitaka kwenda nyumbani ulipiga simu, ukasubiri, mwishowe mtu akakwambia kama kuna nafasi. Nafasi ikipatikana, fedha za kutoa mfukoni zilikuwa chache. Kodi ya abiria wa ndege, ambayo Uingereza ilianza kuitoza Novemba 1994, iliingia kwa pauni 5 kwa safari za Ulaya na pauni 10 kwa safari za mbali. Ongeza ada ya uwanja, basi. Wengi wetu tuliziweka pointi kwa ajili ya misiba, kwa sababu msiba hauulizi kama mshahara umeingia au bado, na nauli inayokatwa leo kwa safari ya kesho haishikiki. Mwenye pointi aliweza kufika kabla matanga hayajaanuliwa.

Faida hiyo ililiwa kidogo kidogo, na waliokula ni wawili.

Wa kwanza ni serikali. Mwaka 2007 kodi ya safari za mbali ilifika pauni 40. Novemba 2009 wakaanza kupima umbali kutoka London hadi mji mkuu wa nchi unakokwenda, na Kenya ikaangukia kundi la tatu kati ya manne. Mwaka mmoja baadaye, abiria wa daraja la kawaida kwenda Nairobi alilipa pauni 75, na aliyekaa mbele alilipa mara mbili yake. Tulipata nafuu Aprili 2015, makundi ya mbali yalipounganishwa na pauni 85 zetu zikashuka hadi 71. Nafuu yenyewe haikudumu.

Wa pili ni mashirika ya ndege, na hapa ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 2004 bei ya mafuta ilipopanda, mashirika yalianzisha tozo ya mafuta. Hawakuiingiza ndani ya nauli. Waliiweka kando, jirani na kodi. Kwa mnunuzi wa kawaida hilo halikuwa na tofauti, maana analipa jumla. Kwa mwenye pointi lilibadilisha kila kitu. Pointi hulipia nauli. Kisichoitwa nauli unakilipa kwa fedha. Kati ya Agosti 2004 na mwanzoni mwa 2006, tozo hiyo kwenye tiketi ya kwenda na kurudi ilipanda kutoka pauni 5 hadi 60. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba British Airways na Virgin Atlantic walikuwa wakishauriana juu yake. British Airways ikatozwa faini kubwa Uingereza, na dola milioni 300 Marekani. Virgin Atlantic, iliyotoa taarifa yenyewe, ilisamehewa. Mafuta yalipokuja kushuka bei mwishoni mwa 2014, nilitarajia tozo iondoke. Mashirika mengi yaliibakiza, yakaibadilisha jina tu.

Mpwa wangu ndiye aliyenifanya nianze kufundisha watu jambo hili. Alikuja kwangu na kompyuta yake, pointi zake zimetimia baada ya miaka ya kuzikusanya, anataka kwenda kumwona bibi yake.

"Shangazi, mbona tiketi ya bure inadai pauni mia tano?"

Nikamwambia asiitazame jumla, afungue sehemu inayochambua kodi na ada. Pale kila malipo yana herufi zake mbili. GB ni kodi ya serikali ya Uingereza. UB ni ada ya huduma ya uwanja. Chini yake ilikuwa YQ, ambayo mashirika mengine huiandika YR, na peke yake ilizidi malipo mengine yote yakijumlishwa.

"Hii YQ inakwenda serikali gani?"

"Haiendi serikali yoyote, mwanangu. Ni ya shirika lenyewe. Hiyo ni nauli iliyovaa kanzu ya kodi."

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo kila msafiri angefaa kuliuliza: kama ni yao, mbona wengine hawaitozi? Jibu ni kwamba YQ haitegemei ndege unayopanda peke yake. Inategemea pia ni programu gani inayokutolea tiketi. MileagePlus, programu ya shirika la United, haiongezi tozo hiyo kwenye tiketi za pointi za mashirika washirika. Aeroplan ya Air Canada iliiondoa Novemba 2020, ikabaki na ada ya dola 39 za Kanada ya kukata tiketi ya mshirika. Ethiopian Airlines ni mwanachama wa Star Alliance, muungano wa mashirika walimo pia United na Air Canada, tangu Desemba 2011. Kwa hiyo safari ya London, Addis Ababa hadi Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam, kwenye kiti kilekile cha Ethiopian, inaweza kutolewa kwa pointi za Aeroplan bila YQ hata senti. Unachotakiwa ni kutoa namba yako ya Aeroplan unapopanda Ethiopian kwa tiketi ya kulipia, ili maili ziingie huko. Ndugu zetu walioko Toronto wana njia fupi zaidi, kadi za benki zinazokusanya pointi za Aeroplan.

British Airways nayo ilisikia malalamiko. Mwaka 2022 iliupanua mpango wake wa malipo madogo yaliyopangwa hadi safari za mbali: fedha zikashuka, pointi zinazotakiwa zikapanda. Kwa mwenye Avios nyingi, yaani pointi za shirika hilo, ni ahueni ya kweli. Kwa mama anayekusanya pointi za Nectar akinunua unga na maziwa katika duka la Sainsbury's, ambazo kila 400 huzaa Avios 250, mlima umezidi kurefuka. Kila mtu apige hesabu yake.

Kodi ya serikali haina ujanja mwingi, lakini ina milango ya halali. Watoto wa chini ya miaka 16 hawailipi tangu Machi 2016, mradi wakae daraja la kawaida. Tangu Aprili 2026 mtu mzima wa daraja la kawaida kwenda Afrika Mashariki analipa pauni 102, na wa madaraja ya juu 244. Hata lile daraja la kati, lenye nafasi ya miguu kidogo zaidi, linahesabiwa la juu. Lakini kodi hii hutozwa unapoondoka Uingereza tu. Ukiwa na pointi za kukaa mbele upande mmoja, nenda daraja la kawaida, kisha ukae mbele wakati wa kurudi. Mimi hupenda hivyo pia kwa sababu safari ya kurudi ndiyo inayoishia kazini.

Utasikia pia ushauri wa kuanzia Dublin, kwani Ireland ilifuta kodi yake ya abiria Aprili 2014, au Inverness, ambako abiria wanaoondokea hawatozwi kodi ya Uingereza hata wakiunganisha London kwa tiketi moja. Kwa anayeishi Uskoti, Inverness ni shauri zuri. Dublin ina jambo ambalo washauri wengi hawalitaji, kwa kuwa haliwagusi: mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Ireland hata akiwa na kibali cha kuishi Uingereza. Ongeza viza, tiketi ya kufika huko na hatari ya kuchelewa kuunganisha, uone kama kuna kilichobaki.

Wewe mwenye pointi zilizolala, tafadhali usizihamishe kutoka benki kwenda shirika lolote kabla hujafika ukurasa wa mwisho wa kukata tiketi, ukasoma YQ ni kiasi gani, kisha ukaitafuta safari hiyohiyo kwenye programu nyingine. Pointi za benki zikishahamishwa, hazirudi.