Sumaku na Valvu Mbili

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba chuma huvutwa na sumaku. Nilisema hivyo kwa uhakika, nao wakaandika kwenye daftari zao. Ndugu msomaji, ni uzeeni, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilipogundua kwamba niliwapa nusu ya habari.

Siku hiyo nilipeleka valvu mbili chakavu kwa kijana mmoja mhunzi hapa Unyambwa. Zilitoka katika injini ya dizeli ya mashine ya kusaga, nami nilitaka anifulie tindo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Valvu ya kuingiza hewa ikanasa yote. Ya kutolea moshi ilinasa shina tu, kichwa kilikataa.

"Basi kichwa hicho si chuma," nikasema.

"Ni chuma, Mwalimu, ila hakifai tindo. Hata nikikichoma na kukizamisha majini, hakipati ugumu."

Nilirudi nyumbani nikasoma upya. Valvu ya kuingiza hewa hupoozwa na hewa safi, hivyo huitosha chuma cha pua chenye kromiamu na silikoni kidogo. Hiyo hunasa sumaku, na hukubali kuimarishwa kwa kuchomwa kisha kupoozwa haraka. Valvu ya kutolea moshi huishi katika joto linaloweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi. Kwa hiyo huongezewa kromiamu, nikeli na manganizi. Aina moja inayotumika sana ina kromiamu kama asilimia 21 na nikeli kama 4. Mchanganyiko huo hubadili mpangilio wa atomu, sumaku ikakosa pa kushika, ingawa zaidi ya nusu ya madini yake bado ni chuma. Viwanda vingi huunganisha kichwa cha namna hiyo na shina la chuma kigumu kisicholika upesi. Ndiyo maana valvu moja ilitoa majibu mawili.

Yule kijana alinionya pia juu ya valvu zenye shina nene kuliko kawaida. Baadhi yake zina uwazi ndani uliotiwa sodiamu ya kusafirisha joto. Ukiikata kisha sodiamu ikutane na maji, hulipuka. Asiyojua ilikotoka, haigusi.

Tangu hapo namkumbuka binti mmoja wa darasa langu. Alileta kijiko kisichoshika kutu, akasema, "Mwalimu, hiki ni chuma lakini sumaku haikitaki." Nilimwambia amekosea, na katika mtihani nikamkata alama. Sumaku ilijibu swali lake yenyewe. Mimi ndiye niliyeigeuza kuwa hakimu wa jambo ambalo haikuulizwa.

Binti yule sijui aliko. Kama anausoma ukurasa huu, alama yake namrudishia.