Kama Haikuchemka

Asubuhi moja ya Julai mwaka 2006, baba alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye injini ya gari lake, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaniita. Alinionyesha bila kusema neno. Pale ambapo pangalikuwa na utando mweusi wa oili palikuwa na kitu kizito chenye rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Nilijifanya kushangaa. Msomaji mpenzi, kushangaa huko kulikuwa kwa uwongo.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504, pikapu. Walio na umri wa kukumbuka wanajua jinsi magari hayo yalivyotamalaki barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na 1980. Ove Andersson alishindia Safari Rally katika 504 mwaka 1975, na kwa miaka mingi abiria wa kwenda Magharibi walibanana katika zile zenye safu tatu za viti. Letu halikuwa na sifa za mashindano. Baba, mwalimu mstaafu, alilitumia alfajiri kubeba sukumawiki na viazi kutoka soko la Wakulima hadi kwa akina mama wauzao kando ya Barabara ya Naivasha, hapa Kawangware. Nauli ya mboga ndiyo iliyonilipia karo. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, hodari wa kuchambua vitenzi, na sikujua maji ya rejeta hupita wapi.

Siku nne kabla ya asubuhi ile baba alikuwa amenituma Naivasha kumpelekea shangazi kabati. Niliporudi, pale Mai Mahiu, mchuuzi mmoja aliniomba nimbebee magunia manane ya viazi hadi jijini. Nilikubali, nauli nikaitia mfukoni. Kutoka Mai Mahiu barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi karibu na Limuru, na gari lililosheheni hupanda likikoroma. Mshale wa joto ulipanda pamoja nasi. Niliuona. Nilijiambia kwamba mlima utakwisha upesi, nao haukwisha. Mvuke ulipofunika kioo nilisimama, nikafungua mfuniko wa rejeta kwa tambara, nikamimina debe zima la maji baridi katika injini iliyokuwa ikitokota. Kisha nikaendelea na safari, nikashusha viazi, nikaliosha gari kwa nje.

Fundi tuliyemwendea kwanza alitazama kijiti mara moja tu, akatamka hukumu: injini imekufa, tununue nyingine. Bei aliyoitaja ilimfanya baba avue miwani na kuipangusa. Wa pili alikuwa mzee aliyefanyia kazi zake chini ya mabati matatu, karibu na steji ya matatu za 46. Yeye hakuhukumu. Aliuliza kwanza kama gari lilikuwa likitumiwa kwa safari fupi fupi, kwa sababu katika baridi ya Julai mvuke huweza kuganda chini ya kifuniko cha oili ukafanya povu jeupe, ilhali injini ni nzima. (Nadhani ziko injini nyingi zilizofunguliwa bure kwa ajili ya povu hilo.) Akachungulia rejeta: maji yalikuwa safi, hayana hata tone la mafuta juu yake. Akaeleza kwamba injini ikizimwa ingali moto, msukumo wa oili hufa papo hapo, lakini maji hubaki na msukumo wake kwa muda, hata ukiwa mdogo. Ndipo yanapovuka kuingia upande wa oili. Akainua boneti juu zaidi, akatazama sehemu yake ya chini, kisha akanigeukia mimi, si baba.

“Kijana, hii gari ilichemkia wapi?”

“Haijachemka, mzee.”

Mwanafunzi wa ngeli nilikuwa, na “hii gari” ilinipita bila kunichoma sikio.

Akanyamaza kidogo. “Mwalimu,” akamwambia baba, “kama haikuchemka, basi si gasketi ya hedi. Itakuwa viziba vya chini ya slivu.”

Hapa sina budi kueleza. Katika injini ya 504 silinda hazikutobolewa ndani ya bloku. Ni slivu zilizochomekwa, na maji huzizunguka moja kwa moja. Juu hubanwa na hedi na gasketi yake. Chini hukalia viziba vyembamba vinavyotenganisha maji na bakuli la oili. Gasketi ikiungua, fundi hufungua hedi tu. Viziba vya chini vikioza, ni lazima kung'oa pistoni na slivu zote nne. Baba aliuliza gharama. Alipoambiwa, alisema kwa sauti ya chini kwamba pengine ni heri kuliuza gari lilivyo.

Usiku ule nililala na lile “kama”. Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba kiunganishi hicho hufungua sharti. Sharti lenyewe lilikuwa langu.

Kulipokucha nilikwenda peke yangu. Mzee alikuwa amechuchumaa chini ya gari, akilegeza taratibu boliti ya bakuli la oili. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, yalikuwa yametulia chini usiku kucha, na ndiyo yaliyotangulia kutoka, kama bilauri mbili hivi. Nikamwambia yote: viazi, mlima, debe la maji. Hakuinua uso. “Maji ya kutu yamekauka chini ya boneti,” alisema. “Niliona jana. Nilikuwa nakungoja.” Kisha, alipokwisha kufuta mikono: “Kwa Mwalimu utajipeleka mwenyewe.”

Akatoa plagi. Tatu zilikuwa na masizi, ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe, imeoshwa na mvuke. Kwa geji ya kuazima akapima mgandamizo: silinda ya pili na ya tatu, majirani, zilikuwa dhaifu zote mbili. Gasketi ilikuwa imekatika baina yao. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Joto likizidi, aluminiamu hupanuka zaidi na kupinda.

Namna alivyoing'oa hedi sijaisahau. Hakuivuta juu. Aliitikisa huku na huku kwa vyuma viwili mpaka ikaachana na slivu, na mwanagenzi wake aliponyoosha mkono aizungushe injini, alimkemea vikali. Pistoni ikisogea huinua slivu, kiziba cha chini hufumka, nawe umejiletea ugonjwa usiokuwapo. Alizifunga slivu kwa boliti na washa kwanza. Rula ya chuma ilipolazwa juu ya hedi, mwanga ulipita katikati. Ilipelekwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi huiita Grogan, ikachongwa ikawa sawa. Boliti alizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Oili ya bei nafuu ikatiwa, injini ikanguruma dakika chache, ikamwagwa. Ikarudiwa hivyo mpaka kijiti kikatoka bila maziwa.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo: mfuniko wa rejeta ulikuwa na springi iliyochoka. Mfuniko hubana maji ili yachelewe kuchemka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kule Limuru huchemka mapema zaidi. Mfuniko ule ulianza kazi, mimi nikaimaliza.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, chai yake ikapoa.

“Magunia mangapi?”

“Manane, Baba.”

“Nauli iko wapi?”

Niliiweka mezani, ile iliyosalia. Aliihesabu mara mbili, akatenga noti moja. “Hii ni ya mfuniko,” akasema. Iliyobaki aliitia katika bahasha ya fundi.

Kila alfajiri, hadi chuo kilipofunguliwa, aliniamsha kabla ya saa kumi, akanipa tochi na tambara, akasimama kando ya gari, mikono nyuma, akisubiri nichomoe kijiti na kumwambia nilichokiona.